Msitu Unaopumzika Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha suruali yangu ya kazi, ile ya kijani, iliyoutumikia mnara huu wa kupimia hewa ya msitu miaka tisa. Imefariki leo asubuhi, ngazi ya mia moja na arobaini, kwa kupasuka nyuma. Marehemu ameacha mjane mmoja: mimi, nikining'inia juu ya msitu huku upepo ukinisalimia pasipostahili. Mama watoto ameshaikata matambara. Hakutoa hata pole.

Mengineyo ni ya kawaida. Nimepanda saa nne, nimesafisha mrija wa hewa, nimekaa kwenye ubao kula chungwa langu, nimeshuka. Chombo kipya kimeanza wiki ya nne. Kinavuta hewa kwa mrija ule na kunusa kuliko mbwa.

Jumatano, 5 Juni

Makubwa! Daktari ameniita kibandani, chini ya mnara, mbio mbio. (Hajawa daktari bado. Yumo masomoni, na ndiye anayekisimamia hicho chombo kipya. Nimempandisha cheo mimi mwenyewe, na hajakata rufaa.)

Kaniwekea mchoro mbele. Nielewe mimi, fundi wa kupanda na kushuka: miti hutoa mvuke wake, ule tunaousikia harufu yake ukivunja jani. Jiji nalo, kule ng'ambo ya mto, linatuma moshi wa magari. Vikikutana juu ya msitu na jua likawaka, vinazaa chembe ndogo mno, na chembe hizo ndizo mbegu za ukungu na mawingu. Ndoa, kwa kifupi. Na sisi ni majirani tuliotega sikio ukutani.

Sasa tazama: kila siku, saa nne na kidogo, mvuke wa miti unaruka juu mchoroni kama kilima. Kila siku ila Jumapili! Na Jumapili magari mjini ni machache. Daktari anasema huenda moshi wa asubuhi ukifika hapa, msitu unaujibu. Hakuna aliyewahi kuona hivyo.

"Mzee, unaelewa maana yake?" kaniuliza.

Nikasema naelewa. Nilielewa nusu. Lakini nilifurahi nzima.

Alhamisi, 6 Juni

Profesa anayemsimamia Daktari kapiga simu. Sauti yake ilijaa kibanda chote. Amesema Daktari auweke mchoro huo ukurasa wa kwanza wa ripoti. Ijumaa ya wiki ijayo Daktari atasimama mbele ya wakubwa wanaotoa fedha: wakiridhika, mnara unaendelea miaka mitatu na yeye anamaliza masomo. Wasiporidhika, mnara unafunguliwa nati moja moja, na binti wa watu anarudi kwao na miaka minne mikononi bila kitu.

Nimemwambia watampigia makofi. Akacheka, akapangusa miwani kwa nguo, akaichafua zaidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimemsimulia mama watoto habari ya msitu. Nilisimama kabisa, mkono mmoja kiunoni, kama mhadhiri. Siku sita unahema, ya saba kimya!

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Basi msitu wenu ni kama wewe tu. Siku sita kazini, ya saba kujinyoosha kwenye kochi."

Nikacheka sana.

Kisha nikaacha kucheka.

Jumatatu, 10 Juni

Kikulacho ki nguoni mwako. Na changu kilikuwa mfukoni, cha mviringo.

Leo nimepanda saa nne kama kawaida, lakini chungwa sikuligusa hadi saa tano kasoro robo. Nikalimenya pale pale ninapokaa siku zote — hatua moja kutoka kwenye mrija. Ganda lilinirushia kile kimvuke chake machoni, ndugu wa mvuke wa miti. Harufu tamu! Nikashuka.

Daktari alikuwa mbele ya skrini. "Mzee, ajabu! Leo msitu umechelewa. Kilima kimekuja saa tano kasoro robo. Lazima kulikuwa na foleni mjini!"

Nikasema, "Foleni za Jumatatu zinajulikana."

Mungu anisamehe.

Jumanne, 11 Juni

Sikubeba chungwa. Kilima hakikuja. Ukutani pameandikwa: hakuna sigara, hakuna manukato, hakuna moto. Matunda hayakutajwa. Nimejitetea hivyo kutwa nzima, na hakimu hakuniamini hata mara moja.

Jumatano, 12 Juni

Mficha uchi hazai. Nimesema.

Niandike ilivyokuwa, bila kujipamba. Nilimkuta saa mbili asubuhi, nikasema, "Binti yangu, kilima chako ni mimi." Akadhani ni utani wangu wa siku zote. Nikatoa chungwa, nikaliweka juu ya meza. Nikaeleza kila kitu, hata jaribio la juzi, hata ule uongo wa foleni.

Aliinuka kitini. Halafu: "Wiki nne, Mzee! Nimemwandikia Profesa kurasa nane!" Akatoka nje. Nilimwona dirishani akiuzunguka mnara, mikono kichwani. Sikumfuata.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini ameshika daftari la kupanda — lile tunaloandika kila anayepanda, dakika aliyofika juu na dakika aliyoshuka. Sheria ya zamani, niliyoilaani miaka tisa. "Soma," akasema. "Polepole. Kila ulipokuwa juu, nafuta."

Nikasoma. Akafuta. Vilima vya asubuhi vikaanguka kimoja kimoja, na mimi naye tukivizika. Kufika siku ya kumi akasimamisha mkono.

"Subiri. Hii ya alasiri ni nini?"

Saa tisa, muda ambao mimi niko chini nimeshanawa. Chembe zinapanda. Kidogo, si kilima — kijisuguu tu. Ndani yake mna mvuke wa miti uliokwisha kugeuzwa na moshi. Ile ndoa yenyewe! Hakuiona kwa sababu kilima changu kilikuwa kikubwa mno mbele yake. Siku sita kati ya hizo kumi upepo ulitoka jijini: zote sita kijisuguu kipo. Siku nne upepo ulitoka msituni kwenyewe: hamna kitu.

"Siku kumi ni chache," amesema. Lakini amevuta kiti karibu.

Zimebaki siku kumi na tano za kufuta. Profesa atapiga saa nane kamili. Daktari amesema yeye ndiye atakayemweleza, mimi nisijitie. Nimekataa. Mla ndiye asemaye.

Sasa ni saa nane kasoro dakika tatu. Simu iko mezani katikati yetu. Yeye anaendelea kufuta. Mimi nimeshakohoa mara mbili, kusafisha koo.