Nyumba ya Kaka Kule Lyon

Jumatatu, 3 Machi
Vichwa vinne saluni kabla ya saa sita. Mtaa wetu, Yeoville, hauna maji tangu jana, tunaosha nywele kwa ndoo. Barua imeingia kwenye simu, ya notari, yule mwanasheria wa Lyon anayegawa mirathi ya kaka yangu Déo. Anauliza kama marehemu ameacha mke, watoto, wazazi. Watoto hana. Wazazi tulishazika. Ndugu ni mimi peke yangu. Nyumba iko Ufaransa, basi sheria ni yao, na kwao mwanamke kuishi tu na mtu hakumpi urithi. Nimeisoma mara mbili. Nimefurahi. Sioni aibu kuandika.

Alhamisi, 6 Machi
Faida, mwanamke wa kaka, hana cheti cha ndoa. Ameishi na kaka hapa Yeoville miaka tisa, tangu kaka aondoke Ufaransa, na alitolewa mahari. Mbuzi, vitenge, baiskeli ya baba yake. Tulivipeleka kwao Uvira, mimi nikiongoza wajumbe, na kuku wao nikala. Leo amekuja saluni kunililia. Eti notari amemwambia ndoa ya kimila huenda ikakubaliwa, ikiwa mtu wa familia ataithibitisha. Baba yake alikufa, wajumbe wengine wametawanyika. Nimebaki mimi.
"Wifi, andika tu ile uliona."
Nimemwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Jumamosi, 15 Machi
Wazee wa kanisa wametuita mimi na Faida kuhusu ile ndoa. Nimesema mbele yao kwamba mahari haikutoka, tulikwenda kujitambulisha tu. Mchungaji ameniangalia sana. Faida amejiziba mdomo kwa kitenge. Sipendi anavyolia kimyakimya. Inaonekana wewe ndiye mbaya.
Kutoka hapo nimekwenda na fundi kubadilisha kitasa cha chumba alichokuwa akiishi na kaka. Mkataba wa pango uko kwa jina langu. Kitanda nimekibakiza ndani.
"Miye ntaenda wapi, wifi?"
Nimemwambia aende kwao Uvira.

Jumanne, 8 Aprili
Notari amejibu. Nimesomea kwenye kiti cha wateja.
Déo ana mke. Solange, Mfaransa. Ile ndoa ya makaratasi, aliyofunga ili apate kukaa kule na baadaye uraia. Haikuvunjwa. Alipotaka kuivunja nilimkataza mimi mwenyewe: usijisumbue na mawakili, huyo mama atasahau. Sote tuliiona kama fomu ya viza. Umeshapewa muhuri, ya nini tena?
Sheria yao haioni hivyo. Mtu akifa bila watoto wala wazazi, mke anabeba yote. Dada angepata kidogo kama mali ingetoka kwa wazazi, lakini nyumba Déo aliinunua mwenyewe. Sipati hata mlango. Na Faida asingepata kitu hata ningesema kweli, maana ndoa ya kwanza ilikuwa hai.
Kwa hiyo nimesema uongo kanisani bure. Uongo hauniumi. Kinachoniuma ni hiyo bure.

Jumatano, 23 Aprili
Solange amepiga simu. Sauti ya uzee, ya upole. Nimezidi kumchukia. Anasema hakukaa na Déo hata miezi mitatu, nyumba hiyo inamsuta. Ataiuza, na sehemu kubwa anataka kumpa aliyemuuguza. Akauliza ni nani alikuwa naye mpaka mwisho.
Faida alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko miezi saba. Mimi nilikuwa napita Jumapili, nakaa robo saa, harufu inanishinda.
Mteja alikuwa akinisubiri, nusu ya kichwa imesukwa.
"Ni mimi, madame," nikasema. "Hakukuwa na mwingine."
Akalia. Akanishukuru. Nimemalizia kile kichwa.

Jumapili, 27 Aprili
Ibada ndefu. Baridi imeanza. Faida alikaa safu ya nyuma yangu. Amekonda. Analala jikoni kwa mama mmoja wa kwaya.
Mchungaji aliuliza nani ana ombi. Faida alisimama. Nilidhani ataombea mahali pa kukaa. Akaniombea mimi, kwa jina. Alisema nimefiwa na ndugu yangu pekee, Mungu anifariji, asiniache peke yangu.
Kanisa likaitika amina. Nikaitika na mimi.