Matembezi Ambayo Sikuyafanya

Mama,

Nilikudanganya. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua.

Lile ziwa nililokuambia nimekwenda kutia miguu majini, sikwenda. Ile ngome ya zamani juu ya kilima, yenye mlango mdogo kama wa banda la kuku, sikuiona kwa macho yangu. Mashamba ya maua ya manjano, msitu wa miti iliyonyooka kama nguzo za umeme, soko la Noeli lenye taa: yote hayo niliyatoa kwenye kalenda. Jikoni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna kalenda ukutani yenye picha za mkoa huu, kila mwezi picha yake. Nilikuwa nakata karoti huku naitazama. Jumapili ikifika naketi kitandani, nabonyeza simu, nakueleza picha ya mwezi huo kama mtu aliyerudi kutoka huko na vumbi miguuni.

Karibu miaka miwili, Mama.

Nawe ulikuwa ukinisikiliza mpaka mwisho, halafu unasimamisha mashini yako ya kushona ili nikusikie vizuri, unanitumia sauti: "Aksanti, mwanangu. Na Jumapili ingine utatembea wapi? Tembea, Mapenzi. Fasi yenye hautembee, haiwezi kukujua."

Kwamba mahali usipotembea hapawezi kukujua, ulituambia tangu tukiwa wadogo. Wamama wengine wa mtaa wetu wa Kasenga, pale Uvira, walipumzika Jumapili. Wewe ulishona uniforme za shule siku sita, mgongo ukakuuma siku sita, na ya saba, ukitoka kanisani, unatufunga viatu mimi na mdogo wangu Neema, twende. Wapi? Popote. Mara ufukweni kwa ziwa letu kuangalia wanawake wakianika samaki wadogo wa ndagala kwenye mchanga. Mara Kavimvira kuangalia malori yanayongoja kuvuka mpaka, ukitusomesha tarakimu kwenye plaki zake za namba. Na ile siku ulipotupandisha lori la mihogo mpaka Lemera, kule milimani! Hatukuwa na ndugu huko, hatukuwa na mgonjwa hospitalini. Ulitaka tu kuona watu wanaishi namna gani kwenye baridi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akakuuliza, "Munatafuta nani?" Ukamjibu, "Hatutafute muntu. Tunatembea tu." Yule mama alicheka mpaka akaweka jembe chini, akatuingiza kwake, akatupa maziwa.

Basi mtoto wako wewe, wewe hasa, alifika Ujerumani akajifungia chumbani.

Nikueleze ilivyokuwa. Wiki yangu ya tatu nilipanda basi, tiketi iko mkononi. Sikujua kwamba ni lazima uipige muhuri kwenye kisanduku kilicho karibu na mlango. Mkaguzi akaja. Alisema maneno mengi kwa sauti, nami nilielewa mawili tu kati yake. Akanishusha kwenye kituo nisichokijua. Watu wote waliniangalia, halafu wote kwa pamoja wakageuka kuangalia dirishani. Hilo la dirishani ndilo lililoniuma. Nilitembea saa nzima kando ya barabara kubwa, mvua ikinipiga, nikafika, nikavua koti, nikasema sitoki tena.

Nikawa mtu wa njia mbili, ya kazini na ya dukani. Siku za mapumziko nilifunga pazia. Jumapili huku maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, hata mashine ya kufua nguo ukiiwasha jirani anakugongea ukuta. Nilikuwa nasikia friji yangu tu. Na katikati ya kimya hicho inaingia sauti yako: ulitembea wapi? Mara ya kwanza nilitaka kukwambia ukweli. Lakini nilisikia nyuma yako wamama wa kwaya wakicheka na kusema, "Tunataka kusikia habari za Ulaya!" Ningewaambia nini? Kwamba naogopa basi? Nikakumbuka picha ya ziwa.

Halafu ukafa.

Neema alinipigia asubuhi, nikiwa kazini. "Yaya, mukubwa wangu, kaa chini." Sikukaa. Kumbe uliugua miezi mitatu na ukawakataza wasiniambie. Karatasi zangu za ukaaji zilikuwa ofisini, zinabadilishwa, siwezi kusafiri bila hizo. Nilikuzika kwa simu, Mama. Binamu alikuwa ameishika juu ya vichwa vya watu, na picha ikaganda kwenye mgongo wa shangazi, kwenye lile gauni lake la kijani. Niliangalia gauni hilo sijui dakika ngapi. Picha ilipoanza tena kutembea, walikuwa tayari wanatupa udongo. Sikukuona ukishuka.

Mwezi uliofuata kalenda ikageuzwa, ikatoka picha ya daraja la mawe. Nikajikuta natafuta maneno ya kukueleza. Niliacha kisu mezani, nikaenda kwenye chumba cha kufulia, nikalia kati ya mashuka ya wazee. Mpishi wetu ndiye aliyenikuta. Anaitwa Renate, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye mpaka siku hiyo nilimwogopa. Alipindua kapu la nguo, akakaa juu yake kando yangu, na supu ya watu wote ikaungua.

Matanga yalipokwisha, nikamwungamia Neema. Nilimwambia yote, kalenda, pazia, basi.

"Yaya," akasema, "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua toka mwanzo. Alikuwa anaweka simu ku sikio, anasema: 'Sikia. Hakuna upepo, hakuna ndege, hakuna hata muntu anapita. Huyu mutoto iko mu nyumba.'"

"Na juu ya nini hakuniambia?"

"Miye nilimuuliza vile vile. Akasema: 'Nikimuambia najua, ataacha hata kuniongopea, na sitasikia tena sauti yake. Acha aongee. Siku moja atachoka, atatoka.'"

Mama, nilikukasirikia. Nisamehe. Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa na subira ndefu kuliko uhai wako. Nilichoka na uongo wiki tano baada ya wewe kuondoka. Wiki tano! Ungenisemesha mara moja tu kwa ukali, kama ulivyotusemesha tulipopoteza mkasi wako, labda ningetoka ukiwa hai, na ungesikia.

Kesho yake nikamwuliza Renate lile ziwa la kwenye kalenda liko wapi. Alinitazama. "Liko karibu. Dakika arobaini kwa treni. Hujawahi kwenda?" Nikamwambia sijawahi kwenda popote. "Jumapili," akasema, akarudi kwenye sufuria zake.

Ndani ya treni mkaguzi akaingia. Nilimnyooshea tiketi kabla hajaiomba. Akaiangalia, akasema asante, safari njema, akapita. Basi. Hivyo tu. Nilitazama mlango aliotokea mpaka Renate akaniuliza kama ninaumwa.

Kutoka stesheni unapita msituni. Nikuambie jambo litakalokuchekesha. Mjini huku mtu anaweza kuishi nyuma ya ukuta mmoja na wewe mwaka mzima asikusalimie. Lakini msituni wanasalimiana! Wazee wanakuja na fimbo mbili mbili, na si wagonjwa, ndivyo wanavyotembea kwa kujifurahisha, na kila mmoja anakuambia habari ya asubuhi. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona anayesalimiwa ni nani. Kumbe ni mimi.

Na ziwa lenyewe, Mama! Ungesema ni bwawa la kufugia samaki. Ng'ambo unamwona mtu akimfunga mtoto wake viatu. Hakuna milima upande wa pili, hakuna wimbi, hakuna harufu ya ndagala. Nilivua soksi nikaingia, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Nililia humo nikiwa nimesimama, maji yakiwa magotini. Renate alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi iliyokunjwa. Nikakaa, nikamweleza habari zako kwa Kijerumani changu kilichovunjika: mashini, malori, Lemera, kalenda. Alimenya yai lingine, akaniwekea mkononi.

Hapo ndipo kidole changu kikabonyeza jina lako. Sikufikiri. Ilikuwa Jumapili na nilikuwa na habari. "Mama, leo niko ziwani," nikasema, bata wakigombana nyuma yangu, Renate akikohoa, upepo ukiingia kwenye simu mpaka maneno mengine yakapotea. Nikatuma. Ndipo nikakumbuka.

Simu yako iko kwa Neema sasa. Alinijibu jioni, analia na kucheka. "Yaya, nimeisikia mara tatu. Halafu nimeipeleka kule tulimulaza Mama, nikaifungua pale pale, kwa nguvu. Batu wenye walikuwa wanapita walisimama. Sijue kama ni zambi."

Kama ni dhambi, iwe juu yangu.

Habari nyingine za huko unazijua labda. Ziwa letu limepanda, Neema anasema mchanga ule wa kuanikia ndagala umekwisha kumezwa, na maji yamefika kwenye kuta za nyumba za ufukweni. Kwetu Kasenga hayajafika. Mashini yako ameirithi yeye, lakini kola zake zinakwenda upande, shati la mtoto linatazama kushoto na mtoto anatazama mbele. Wateja wanavumilia kwa ajili yako.

Mimi nimekwenda kwenye ngome pia. Nijisahihishe: mlango wake si mdogo, mtu anapita na kapu kichwani. Picha ilipigwa kutoka mbali. Daraja la mawe nimelivuka. Lakini usifikiri nimepona. Kuna Jumapili navaa viatu, nafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, halafu narudi kulala na viatu vyangu. Kuna siku nasikia mwanamke akicheka sokoni kwa sauti nene kama yako, na mchana wote unaharibika.

Mwezi huu amekuja mfanyakazi mpya, mama wa kutoka Eritrea, amepewa chumba kinachotazamana na changu. Anakula amesimama, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Jumapili mbili sasa sijaona mlango wake ukifunguliwa. Sijui lugha yake, naye hajui yangu, na Kijerumani chetu wote wawili ukikiweka pamoja hakijazi kikombe. Jumapili hii nitamgongea. Asipofungua, nitagonga na ile nyingine.

Mama, sitakuambia tena kwamba nimekwenda mahali nisikokwenda. Nikishinda ndani, nitasema nimeshinda ndani. Na karatasi zangu zikitoka, safari yangu ya kwanza ni hii: nitapanda ndege, nitavuka Bujumbura, nitafika Uvira, na kabla ya kuingia nyumbani Neema atanionyesha ulipolala. Nitakaa chini hapo. Mpaka leo nimekulilia kwenye simu na kwenye mashuka ya watu wengine. Nataka kukulilia kwenye udongo wako, kwa sauti, kwa Kiswahili, bila mtu kugeuka kuangalia dirishani.

Pumzika, Mama. Mgongo usikuume tena.

Ni mimi mtoto wako,
Mapenzi