Sura ya Kwenye Pakiti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi lake, mtaani anaitwa Mama Pakiti. Umri: miaka 36. Kazi: msimamizi wa matangazo, kiwanda cha unga wa uji wa watoto. Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Ninaeleza kwa hiari yangu.

Kiwanda ni cha kaka yangu, tumbo moja. Picha iliyo kwenye pakiti ni yangu, nimempakata binti yangu alipokuwa mchanga. Kaka ndiye aliyeichagua. Alisema, "Unga kila mtu anao. Sisi tutauza uaminifu, na uaminifu una sura yako." Hakukosea. Wanawake hunisimamisha njiani kuniuliza habari za homa na meno ya watoto wao, kana kwamba mimi ni daktari.

Mnamo tarehe 9 Machi, asubuhi, nilikwenda ghalani na mpiga picha kwa ajili ya tangazo jipya. Paa lilikuwa limevuja. Mahindi yameanikwa sakafuni, yameota kuvu ya kijani, harufu inakaba koo. Nilimpigia kaka simu. Alijibu kwa upole, "Yakisagwa hayaonekani. Mwambie apige picha za nje."

Nilidhani ananitania, maana kaka ni mtu wa mizaha. Jioni nikasikia mashine zinasaga.

Wiki iliyofuata watoto wawili wa mtaani kwetu walilazwa hospitali, wanatapika, macho yamekuwa manjano. Maneno yakaanza kuzagaa kuhusu unga wetu. Kaka akaniita ofisini. Wifi yangu, yaani mkewe, alikuwepo na mtoto wao mapajani. Kaka akasema, "Kesho utapika uji pale sokoni, umlishe binti yako watu wakiona. Jina likianguka haliokoteki."

Nikamwambia, "Aanze wa kwako, kaka."

Wifi akainuka na mtoto, akatoka bila kuaga. Kaka akainamia meza yake. Hapo nikajua nyumba ile haili unga wetu.

Tarehe 17 Machi, saa nne asubuhi, nilikwenda sokoni peke yangu, binti nimemwacha nyumbani. Uji ulikuwa tayari unachemka, na kaka amesimama kando ya meza ya pakiti. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Msiwape watoto unga huu. Mahindi yameoza, nimeyaona kwa macho yangu."

Watu walisogea karibu. Kisha mama mmoja mwenye mapacha akasema, "Huyu kahongwa na kiwanda kingine." Mwenzake akadakia, "Ugomvi wa ndugu huo, shika jembe ukalime."

Nikaweka pakiti kando ya uso wangu. "Jamani, huyu si mimi?"

Mama mapacha akaitazama picha, akanitazama. "Huyu namwamini," akasema. "Wewe sikujui."

Kaka akanipokonya kipaza sauti taratibu. "Mdogo wangu amechoka, tumwombee. Leo pakiti ni bure." Wakapanga foleni. Nilimshika mama mapacha mkono, akanisukuma nikaanguka. Nikainuka, nikaja hapa kituo cha polisi mbio.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kuyakubali. Mara mbili alitaka kurudi sokoni. Nimemzuia kwa usalama wake. Gari la doria lilifika pale saa sita kasorobo, likakuta meza tupu. Askari wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Hadi sasa hakuna mzazi aliyekubali kurudisha pakiti.