Nyuki wa Papa na Dari ya Sabla Yetu

Roma

Mama yangu,

Shikamoo, nakushika miguu yote miwili kutoka huku Roma. Goti lako linasemaje? Na ile sukari, unaipima kweli au unamwambia tu Nassor kwamba umeipima? Mimi mzima, ila mikono imenikauka kwa chokaa, na baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia, na Baba anasikia kabla yako. Haya nataka uyasome peke yako, kwa Kiswahili chako, ukiwa jikoni. Barua nimempa mwenzangu wa Sur anayerudi nyumbani Oman, naye atamkabidhi kaka Nassor mkononi.

Kazi yangu unaijua juu juu: nasomea kutengeneza plasta za zamani. Sasa tuko kwenye kanisa moja, tumepanda jukwaani, tunasafisha dari kwa brashi ndogo kama za kupakia wanja. Dari imejaa nyuki wa plasta, wanene kama vifaranga. Nilipouliza nyuki wanatafuta nini kanisani, wenzangu walinicheka. Kumbe zamani alikuwapo Papa, yaani mkuu wa Wakatoliki, ambaye alama ya ukoo wake ilikuwa nyuki watatu kwenye ngao. Kila alichotoa fedha kijengwe, aliwapandisha nyuki wake: juu ya milango, kwenye nguzo, hata kwenye birika la maji la njiani. Juu ya ngao huwekwa funguo mbili zilizopishana na taji refu la matabaka, ndiyo dalili ya Upapa. Akifa huyu anakuja mwengine na alama yake, mmoja tai, mmoja njiwa, kila mtu anataka aonekane.

Mwalimu wetu, mama wa Kirumi mwenye ulimi mkali, alitwambia mapema: "Mkiingia kwenye jengo la mji huu, msiulize nani kalijenga. Ulizeni nani alitaka aonekane kalijenga."

Basi juzi nasafisha bawa la nyuki mmoja, nikaona plasta ya chini yake ina rangi nyengine. Nikamwita mwalimu. Akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa. Chini ya nyuki palikuwa na alama ya mtu mwengine, imekwanguliwa kwa patasi na kuzibwa. Dari ilianzwa na Papa aliyetangulia. Huyu wa nyuki alimalizia pembe tu, kisha akajitwalia yote.

Tangu hapo, Mama, Ammi Hilal hanitoki kichwani.

Uliponipa khabari ulikuwa na furaha: huyu binamu yake Baba anaitengeneza sabla, baraza ya ukoo, pale Ibra, kwa mfuko wake mwenyewe, Mungu amjaze kheri. Niliitikia amina, lakini moyo ulikataa. Ammi Hilal ninayemjua mimi hakupi hata tende bila ya majirani kuambiwa. Nikamtuma Nassor, akitoka kazini Izki, apite akapige picha, kwa sababu sisi wanawake baraza ile ya wanaume tunaisikia tu. Picha zikaja. Mlango mpya, mkubwa, na kila ubao umechongwa kipanga, kipanga yule yule aliyebandikwa kwenye magari ya kampuni ya Ammi Hilal! Nikasema, haya, na sisi tumepata Papa wetu.

Picha ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Dari inafunikwa kwa jipsamu nyeupe. Kwenye boriti zile, kwa rangi nyekundu, pameandikwa kwamba sabla hii kaijenga babu yake Baba, Salim bin Nasser Az-Zinjibari, kwa mali aliyoileta kutoka Unguja. Baba mwenyewe alinipakata humo nilipokuwa mdogo, akanisomea neno kwa neno, kifua kimemjaa. Watu wanatwita sisi waliokuja kutoka Zanzibar, kama kwamba tulifunguliwa mlango kwa huruma. Maandishi yale ndiyo yanayosema kwamba mlango wenyewe tuliuweka sisi. Yakifunikwa, wanawe Nassor watakaa pale kama wageni.

Nikampigia Ammi Hilal, na sikumzunguka.

"Ammi, kipanga wako anafanya nini kwenye mlango wa ukoo mzima?"

Akacheka. "Ya binti, huyo seremala wangu, kazoea kuchonga mageti yangu. Nshamwambia amkwangue. We uko Roma unalinda milango ya Ibra?"

Sikumwamini, na simwamini mpaka sasa. "Na dari je? Jina la babu?"

Akaacha kucheka. Kisha akasema taratibu, "Dari muulize babaako."

"Baba anahusika nini?"

"Wallahi mie nlitaka tuzisafishe zile boriti tuziache. Kulikuwa na azaa, watu wamekuja kutoa pole, kijana mmoja akanyoosha kidole juu akamwambia mwenzake, hawa ndo Zinjibari, wageni wetu. Babaako yupo pale, kikombe cha kahawa mkononi. Asubuhi kanipigia: ya Hilal, jipsamu ipite juu ya boriti zote, sitaki wajukuu wangu wanyooshewe kidole. Nkamwambia fikiri, ya Said. Kasema khalas, funika."

Mama, sijui nimwamini nani. Ammi Hilal anaweza kumsingizia Baba akijua sitathubutu kumuuliza. Ujanja huo anao. Lakini nimekumbuka kwamba siku hizi, ukimsemesha Baba Kiswahili mbele ya wageni, anakujibu kwa Kiarabu. Nilidhani ni uzee. Na wewe nilipokuuliza khabari ya dari, ulinikimbilia kwenye mitende na maji ya falaji, mfereji wa shamba. Ulikuwa unajua? Nakuuliza kwa adabu zote, lakini nakuuliza.

Nina hasira, na nimeumia. Huku Warumi wananishukuru kwa kumfichua mtu wasiyemjua, aliyefutwa na mshindani wake. Kwetu hakuna mshindani. Kama Ammi Hilal kasema kweli, anayemfuta babu ni mjukuu wake.

Nassor kaniahidi pembe ya dari iliyobaki wazi haitafunikwa wiki hii. Atawapa mafundi sababu yoyote.

Nisalimie Shangazi Zuwena, dada yake Baba, mwambie pilipili yake nimeificha, wenzangu wa chumbani wanaimaliza. Msalimie wifi yangu Moza na wanawe wote. Bibi jirani aliyenishonea koti mwambie linanikaa vizuri. Ammi Hilal naye msalimie, kwa mbali.

Baba simtumii salamu kwa mkono wako. Nitampigia mwenyewe Ijumaa, akitoka msikitini. Huku jukwaani nina beji kifuani, na jina la ukoo nililoandikisha ni Zinjibari. Nitamuuliza jambo moja tu: Baba, na mimi nilifunike?

Mwanao akupendaye,
Rayya