Semiotiki ya Nashipai

Supa, Baba Lemayian? Ni mimi mke wako naongea, mjukuu wetu Nashipai anaandika. Huku Kitengela ni vumbi tu, lakini chai iko na maziwa ya kutosha.

Nimemuuliza hii semiotiki anasoma chuoni ni ugonjwa gani. Akacheka sana. "Koko, ni kusoma alama! Neno ni la Wagiriki. Madaktari wao walilitumia wakisoma dalili za mgonjwa." Basi sikukosea sana.

Tangu akatae kusomea ualimu, akikuinamishia kichwa umguse kwa mkono, vile sisi wazee tunasalimia watoto, unaangalia kando. Hiyo alama ameisoma, mzee, na inamuuma. Jumamosi tunarudi Bisil pamoja. Weka mkono kwa kichwa ya huyu mtoto. Hapa ameanza kulia, lakini nimemwambia aandike yote.

Nakupenda, kichwa ngumu wewe.