Seva Uliyonikataza Kuizima

Yaya Donat, kaka yangu mkubwa,

Toka tukuzike nimekuwa mtu wa hasira, na nyingi nazielekeza kwako. Kiwanda cha madini kimesimama, honi yake ya asubuhi hailii tena. Hapa zahanati ya Panda, Likasi, umeniachia kompyuta na betri za lori zinazoilisha umeme, ukaenda zako kabla sijajua vizuri kichwa chake kigumu.

Mfamasia mpya alileta disketi ya kurasa zinazoonyesha dawa gani imebaki depo, yaani stoo, na ipi iko wodini. Zinataka PHP ya tatu, toleo jipya la ile lugha inayokaa ndani ya seva, programu inayotugawia kurasa, na kuandaa kila ukurasa. Wewe ulituwekea ya pili. Basi nikaweka ya tatu. Nikaiuliza mashine kwa amri ina PHP ya ngapi, ikajibu tatu. Nikafungua ukurasa, makosa matupu. Nikarudia yote, ikajibu tatu, makosa yale yale. Masœur, mtawa anayetusimamia, alisimama mlangoni: "Mutoto wangu, miye niko na bagonjwa. Kama haitumiki, tutaifungia mu depo." Nilitaka kulia mbele yake, Yaya.

Mwishowe nikaiuliza seva yenyewe, kwa ukurasa wa mstari mmoja unaoiambia ijitaje. Ikajibu pili. Kumbe amri ilikuwa inaniitikia kwa PHP nyingine, ile mpya iliyokaa pembeni ya seva. Seva inatumia ile iliyoipakia ilipowashwa, na sisi hatukuwahi kuizima. Sauti yako bado naisikia, ukiuhofia umeme: "Weye, usizime hata kidogo. Courant ya huku, ikienda, ikirudia inaunguza yote." Kila mtu Likasi angesema hivyo. Mji mzima tunaogopa kuzima kitu kinachotembea bado.

Nimeizima, Yaya. Nilikusema vibaya kwa sauti. Ilipowaka ikajitaja: tatu. Kurasa za dawa zikafunguka, na masœur akarudi kwa wagonjwa wake.

Halafu nikafungua ukurasa wako, ule unaotusalimia kila asubuhi kwa majina yetu. Haukufunguka. Ya tatu haielewi ulivyoandika kwa ya pili. Nikakukasirikia upya, eti kwa nini uliandika hivyo, kana kwamba wakati ule ulikuwa na nyingine.

Lala salama, Yaya. Ukurasa wako nitauandika tena kwa ya tatu, neno kwa neno, na katika wanaosalimiwa jina lako sitaliondoa.

Mdogo wako,
Odette