Magadi Ndani ya Tangi la Samaki

Jumamosi, nyumbani Skuta

Na siwezi hata kumfokea, maana ni mama yangu na alitaka kunisaidia tu.

Asubuhi nilimwambia maji ya samaki yamezidi asidi, ndiyo maana mimea ya ndani ya tangi inanyauka. Nikaenda kazini. Yeye akachukua magadi, yale anayotia kwenye githeri, mahindi na maharagwe, ili ilainike, akamwaga kijiko kizima ndani ya tangi.

"Si nimekulainishia maji?" aliniambia niliporudi, amefurahi kweli.

Nilipopima, kipimo kiligeuka buluu kabisa, yaani maji sasa yamezidi alkali. Samaki wako juu, wanatweta. Nikibadilisha maji yote mara moja, mshtuko utawaua. Nikiyaacha, magadi yatawaua. Kwa hivyo ni kubadilisha jagi moja moja, la maji niliyoyalaza kwenye ndoo klorini itoke, mpaka kesho jioni.

Na kesho ndiyo nilipaswa kwenda Wang'uru kwa wazazi wa Wambui, mchumba wangu. Nimeshaahirisha mara mbili, zote kwa sababu ya tangi hili.

Nimempigia. "Ati samaki tena?" Halafu akakata. Nilitaka kumweleza kwamba...

Mama ameniletea chai. Anasema kesho niende tu bila wasiwasi, yeye atabaki na samaki.